Akaunti Iliyoitwa Mimi

Kabla ya chai, kabla ya kusalimiana na mtu, mimi huiuliza seva swali moja. Naandika who, nabonyeza, nangoja. Neno hilo la Kiingereza maana yake ni "nani", na kazi yake ndiyo hiyo: inakutajia kila aliyeingia ndani ya mashine saa hiyo. Siku nyingi najikuta peke yangu, jina langu kwenye mstari mmoja, basi. Asubuhi ninayoikumbuka kulikuwa na mstari wa pili. Niliuliza nani, na seva ikanijibu: mimi.

Nilicheka kwanza. Kwetu huku mtu akibisha hodi nawe uko ndani, unauliza "Nani?" naye anajibu "Mimi", utadhani duniani kuna mimi mmoja tu. Nimegombana na watu kwa jibu hilo tangu utotoni. Mimi nani? Hata mwizi ni mimi. Lakini mlango unaufungua, kwa sababu sauti umeitambua. Neno lenyewe halikuambii kitu, sauti ndiyo inayokuambia. Sasa seva haina sauti. Kicheko kiliponiishia nilibaki nikilitazama lile jina kwenye kioo, herufi ndogo tupu, nikaanza kujisikia vibaya.

Ofisi yetu iko Nakuru mjini, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hivyo siku nzima tunanusa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kazi yetu ni kuwatumia wakulima meseji: mvua inakuja, baridi ya usiku itachoma viazi, anza kupalilia. Mkulima wa Molo akitaka kujibu, anajibu, na jibu lake linaingia kwenye seva. Mtunzaji wa hiyo seva ni mimi. Si kazi ya kuringia. Ni kama kufagia: ukifagia hakuna anayekuona, ukiacha siku moja kila mtu anakuita kwa jina.

Nina amri zangu fupifupi za kila siku, ambazo vidole vinaziandika vyenyewe. df -h huniambia kama diski imejaa. tail -f hunionyesha meseji zikiingia moja baada ya nyingine, na mtu anaweza kukaa akizitazama kama anayetazama mvua dirishani. Kuna rm, ambayo hufuta, na haina huruma, haiulizi mara mbili. Na kuna ls, ambayo haifanyi chochote ila kukuonyesha kilichopo. Hiyo ls ndiyo dini yangu. Kabla hujafuta, tazama. Nimewagombeza watu wazima wakanuna kwa sababu hiyo.

Mwenye kazi hii kabla yangu alifariki. Aliugua ghafla, wakamzika shambani kwao Elburgon, nami nikaletwa kukalia kiti chake. Kiti chenyewe, sisemi kwa mafumbo. Sweta yake ya kijivu ilikuwa bado imening'inia mgongoni mwa kiti na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuiondoa, hata mimi. Hatukuwahi kuonana. Nilimjua kwa amri alizoziacha. Ukiandika history, mashine inakurudishia kila alichoandika mtu, na hapo unamwona: alivyokuwa na haraka, alivyokosea neno lilelile kila mara akalirekebisha, alivyoandika ls kabla ya rm. Hilo la mwisho lilinifanya nimpende.

Wiki hiyo mkubwa wetu alikuwa ameshikwa na kiwewe kwa sababu wakaguzi walikuwa wanakuja.

"Madam," akaniambia akiwa amesimama mlangoni, "hizo akaunti za watu hawako hapa tena, toa zote. Sitaki kuulizwa maswali."

"Kuna moja inaitwa mimi," nikamwambia. "Ni yako?"

"Yangu ya nini? Mimi hata pasiwadi yangu ni wewe unanikumbushanga. Toa."

Nikaandika userdel -r, amri ya kumfuta huyo mimi na vyote alivyo navyo. Kidole kikiwa juu ya kitufe, dini yangu ikanizuia. Nikaandika kwanza last mimi, inayokuonyesha mtu ameingia lini na lini. Mistari ikashuka. Alikuwa akiingia kila asubuhi. Aliingia kabla mtangulizi wangu hajaugua, akaingia mtangulizi mwenyewe akiwa hospitalini, akaingia siku ya mazishi, akaendelea kuingia. Na sasa hivi alikuwa ndani, nami nimekalia kiti cha marehemu, sweta yake imenigusa mgongo. Nilisogea mbele nikakaa ukingoni, na nilikaa hivyo asubuhi nzima.

Mimi ni mtu wa kanisa na mtu wa kompyuta, na pande zote mbili nimefundishwa kwamba wafu hawaingii kwenye seva. Kwa hivyo niliandika ls nikaangalia nyumbani kwa huyo mimi kuna nini. Vitu vilikuwa vichache: faili ya maji, faili ya meseji, na programu fupi iliyoandikwa na mtu ninayemjua, maana lile neno alilozoea kulikosea lilikuwamo. Juu kabisa ya programu kulikuwa na mstari unaoanza na alama ya #. Mstari wa namna hiyo mashine huuruka, umeandikiwa binadamu peke yake. Ulisema: ya mum, Kihoto. Usiguse.

"Unamwambia nani asiguse?" nikauliza kwa sauti, na chumbani hamkuwa na mtu.

Programu yenyewe haikuwa na ugumu. Huko Kihoto, Naivasha, karibu na ziwa, alikuwa amemwekea mama yake kisanduku darini, chenye laini ya simu na kipaneli cha sola juu ya mabati. Waya ulishuka kutoka hapo hadi kwenye nguzo ya ua, upande wa ziwa, kupima maji yamefika wapi. Anayeijua Kihoto, ambako ziwa limekuwa likipanda na kumeza nyumba, hahitaji kuuliza kwa nini. Asubuhi jua likigonga paneli, kisanduku kinaamka, kinaingia kwenye seva yetu kwa jina la mimi, kinaandika kipimo. Kikishaingia tu, seva inamtumia mama meseji ya neno moja: Hodi. Mama akiuliza Nani?, seva inamjibu: Mimi. Halafu inaongeza kama maji yako mbali au yamekaribia, akae au atoke. Ulikuwa mchezo wao, bila shaka. Mtoto alihama nyumbani, lakini kubisha hodi hakuacha.

Kumbe ni hivyo tu, nikajiambia, nikashusha pumzi. Si mzuka, ni kisanduku. Kisha nikafungua faili ya meseji, na ile pumzi ikanirudia kifuani.

Mama alikuwa bado anajibu. Kila siku, tangu mazishi: Hodi. Nani? Mimi, maji iko mbali, kaa tu. Lakini baada ya hapo alikuwa anaandika na mengine, ambayo programu haikufundishwa kuyajibu, yakabaki pale yalivyo. Leo umechelewa, ni mawingu? Watu wa huku wanahama. Kiboko alilala nyuma ya choo, nikaogopa kutoka. Nimekuota umelowa. Stima wamekata. Sasa wewe uko wapi? Na ya mwisho, ya siku mbili kabla: Maji imeingia jikoni lakini wewe unasema iko mbali, basi sawa.

Niliirudia hiyo ya mwisho nisijue ninatafuta nini ndani yake. Nikaenda kwenye faili ya maji. Kuna amri ndogo iitwayo uniq. Ukiipa mistari inayofanana iliyofuatana, inaikunja kuwa mmoja. Nikaipitishia vipimo vyote vya karibuni. Ikanirudishia mstari mmoja. Ziwa halitulii namna hiyo. Hata maji ya beseni hayatulii namna hiyo. Waya ulikuwa umekatika, au nguzo imezama, na kisanduku kikikosa kipimo kipya kilirudia cha zamani. Kila asubuhi mtoto aliyekufa alikuwa akimwambia mama yake akae ndani ya maji, na mama alikuwa akimtii.

Nilikuwa nimeacha tail -f wazi. Nikiwa natazama, mstari mpya ukajiandika wenyewe chini ya mingine. Ulisema: Uko?

Niliondoa mikono kwenye kibodi kama niliyeungua. Ningejibu nini, na kama nani? Niliipiga namba ya mama, iliyokuwa kwenye faili, kwa simu yangu, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Hakupokea.

Mkubwa wetu, nilipomweleza, alikaa chini. Kiwewe chake cha wakaguzi kilimtoka nikaona kumbe ana moyo. Alitafuta kwenye grupu ya kamati ya mazishi, akanipa namba ya dada wa marehemu, anayeishi Elburgon kwenye shamba la familia. Nikampigia. Dada alisema wameshakwenda kumchukua mama, na wakashindwa.

"Anasema hatoki," akaniambia. "Hatuambii kwa nini. Anashika tu simu yake. Sisi tunafikiri huzuni imemwingia kichwani."

Sikumwambia nilichokuwa nakijua, nilimwuliza tu nyumba ilipo. Niliomba gari la ofisi, na kesho yake asubuhi nikaenda mwenyewe.

Mawingu yalikuwa yameshuka chini siku hiyo. Niliacha gari palipoishia pakavu, nikavua viatu, nikakunja suruali. Nyumba nyingi zilikuwa zimeachwa milango wazi, na ndani ya moja niliona kiti cha plastiki kikizunguka sebuleni polepole, bila upepo. Ndege mweupe wa ziwani alikuwa amesimama juu ya meza ya mtu. Hapakuwa na mbwa wala redio, na mimi sijawahi kusikia mtaa wa watu usio na redio. Maji yalikuwa baridi na chini yake kulikuwa na matope laini, nikawa nafikiria viboko kila hatua.

Nyumba ya mama ndiyo pekee iliyokuwa imefungwa. Juu ya mabati niliona kile kipaneli, kimelala chini ya mawingu. Nikasimama mlangoni.

"Hodi."

"Nani?" Sauti ilitoka haraka, kama ya mtu aliyekuwa akingoja.

"Mimi," nikasema.

Lilinitoka tu. Mimi niliyegombana na dunia nzima kwa neno hilo, nikasimama kwenye mlango wa mama yule na kulisema. Nilipogundua nimefanya nini nilitamani ardhi inimeze, ila ardhi yenyewe haikuonekana.

"Mimi nani?" akauliza hatimaye, na safari hii sauti ilikuwa imechoka. "Hiyo sauti siijui."

Nikajieleza kwamba natoka kazini kwa mtoto wake. Akaniambia niingie. Alikuwa amekaa juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa mawe ya kujengea, miguu ameikunja, simu ameitia kwenye mfuko wa nailoni na kuivaa shingoni. Maji yalikuwa yameshika miguu ya kitanda. Sufuria zilielea pembeni, safi, zimeoshwa.

"Mathe, twende," nikamwambia, kama tunavyowaita kina mama mtaani. "Maji imeingia kwa nyumba."

"Nimeiona. Mimi si kipofu."

"Sasa unangoja nini?"

"Yeye amesema nikae. Yeye ndiye hupima."

"Kipimo kimeharibika, mathe. Mimi ndiye nakaa kwa kiti yake kule ofisini, nimeona. Ile ni mashine, inarudia kitu moja kila siku."

"Najua ni mashine. Nilimshikia ngazi akiifunga hapo juu. Kwani unafikiri mimi ni mjinga?"

"Basi?"

"Basi wewe unaniambia ni nini," akasema. "Mimi kila siku naulizanga ni nani."

Nikajaribu upande mwingine, nikamwambia mtoto wake hayuko Kihoto, yuko Elburgon, walimzika huko wenyewe, na dada wa marehemu anamngoja mama huko. Alinitazama bila hasira.

"Huko hajawahi kunibishia hodi," akasema. "Nikitoka hapa, akija kubisha, nani ataitikia? Na usiende kuwaambia hao wengine. Wataniletea wachungaji waombee simu." Akaifuta ile simu kwa kidole juu ya nailoni. "Leo bado hajakuja. Ni haya mawingu."

Nilitoka nje nikiwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani. Nilimkasirikia yule marehemu aliyemwachia mama yake sauti isiyo na mwenyewe. Nilijikasirikia mimi kwa "mimi" yangu. Nikarudi kwenye gari, nikaweka laptop juu ya boneti, nikaiunganisha na simu, nikaingia kwenye seva. Mlango wa mama niliuona vizuri kutoka pale.

Kuna amri, su, inayokufanya uwe mtu mwingine ndani ya mashine. Nikawa mimi. Nikahakikisha kwa whoami, inayokuambia wewe ni nani, na seva ikanijibu: mimi. Nikafungua programu, nikaweka alama ya # mbele ya mstari wa kujibu, ili mashine iuruke, nijibu mwenyewe. Vingine sikugusa. Kisha nikaandika neno la kwanza nikalituma.

Hodi.

Kabla hofu yangu haijafika mbali, jibu likaingia. Nani?

Vidole, hivyo vinavyojiandikia vyenyewe, viligoma. Nikavilazimisha. Mimi. Maji imefika. Toka sasa.

Nikangoja. Mlango haukufunguka. Maji yaligonga ukuta kidogo kidogo. Kisha mstari ukashuka: Na wewe uko wapi?

Swali hilo nilikuwa nimeliona kwenye faili, limeulizwa zamani, limekaa bila jibu. Alikuwa ananijaribu, au alikuwa anaomba, sijui. Ningeweza kuandika mbinguni. Ningeweza kuandika Elburgon. Nikaandika lililokuwa kweli.

Niko hapa nje.

Mlango ukafunguka papo hapo. Alitoka na mfuko mkononi, kitambaa kichwani, akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Halafu akaniona kando ya gari, na laptop mbele yangu. Sitausahau ule uso. Nilijichukia nikiwa bado nimesimama. Nilifunga laptop, nikaingia majini nikamfuata.

"Ni wewe," akasema nilipofika.

"Ni mimi, mathe. Nisamehe."

"Umesema uko nje, na uko nje," akasema. "Yule mwingine nimemwuliza mpaka nimechoka." Akanipa mfuko wake niubebe. Ulikuwa mwepesi sana.

Hapo ndipo mawingu yalipoachana. Mwanga ulishuka juu ya mabati na kile kipaneli kikang'aa mpaka nikafumba macho. Muda kidogo baadaye simu ililia shingoni mwake. Akaitazama kupitia nailoni, kisha akanigeuzia nione. Hodi.

Akaniangalia mikono. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika mfuko wake.

"Si mimi," nikasema.

"Najua."

Kidole chake kilikaa juu ya simu. Nilijua kwamba akiuliza Nani? leo hatajibiwa na yeyote, kwa sababu ya alama niliyoiweka kwa mkono wangu, na sikuweza kumwambia. Lakini hakuandika. Aliiachia simu ikaning'inia, akaigeukia nyumba, akashika kitasa, akaitikia kwa mdomo, kwa sauti ya juu, kama mtu anavyomwitikia mgeni aliyekuta wenyewe wamehama.

"Hakuna watu hapa."

Akauvuta mlango ukipambana na maji mpaka ukajifunga, kisha akanishika mkono tukaenda kwenye gari.